Dawa za OCD: mbona nimeandikiwa dawa ya sonona?

Mwenye OCD, yaani ugonjwa wa mawazo yasiyokoma na vitendo ambavyo mtu hujiona hana budi kuvirudia, huweza kushtuka akisoma karatasi iliyomo ndani ya boksi: dawa ya sonona! Daktari hajakosea. Fluoksetini, sertralini, fluvoksamini na paroksetini hutibu yote mawili. Huzuia seli za ubongo zisiifyonze upesi serotonini, kemikali inayopitisha ujumbe baina yao.

Tofauti iko kwenye dozi na muda, na hapa ndipo wengi hukwama. Kwa sonona, miligramu 50 za sertralini kwa siku huweza kutosha. Kwa OCD dozi mara nyingi hupandishwa polepole, pengine hadi 200. Kisha husubiriwa wiki 8 hadi 12 kabla ya kuamua kama dawa imefaa. Bahati mbaya, madhara hutangulia na nafuu hufuata. Kichefuchefu, kukosa usingizi na kupungua kwa hamu ya tendo la ndoa huweza kuanza mapema, wakati wazo la "mlango sikuufunga" bado liko palepale. Anayeacha wiki ya tatu ameonja machungu tu.

Klomipramini ni ya kundi la zamani zaidi; Marekani iliiidhinisha kwa OCD mwaka 1989. Ina nguvu, ila hukausha kinywa, hufunga choo na huweza kuvuruga mapigo ya moyo, kwa hiyo kwa kawaida hungoja nyingine zishindwe. Zikishindwa, daktari huweza pia kuongeza dozi ndogo ya risperidoni au aripiprazoli juu ya dawa ya awali. Diazepamu ni habari nyingine: hutuliza kwa saa chache, OCD yenyewe haiigusi, na mwili huizoea.

Nafuu yenyewe mara nyingi si kupona kabisa. Mawazo hupungua makali, na hapo inakuwa rahisi kufanya tiba ya mazungumzo ambayo mtu hukabili anachokiogopa bila kurudia kitendo chake. Tiba hiyo na dawa husaidiana sana.

Walio chini ya miaka 25 wafuatiliwe kwa karibu wiki za mwanzo, kwani mawazo ya kujiua huweza kuongezeka. Aliyepata nafuu kwa kawaida huendelea na dawa kwa mwaka au zaidi, kisha hupunguziwa kidogokidogo. Kuikata ghafla huleta kizunguzungu na hisia kama ya kupigwa shoti kichwani, na ugonjwa huweza kurudi.