Uprogramu wa objekti: maana yake, kwa mfano wa kazi za mkandarasi wa AC

Uprogramu wa objekti ni namna ya kuunda programu ambapo taarifa na kanuni zinazozitawala hukaa mahali pamoja. Objekti ina sifa, yaani mambo inayoyajua, na ina metodi, yaani mambo inayoweza kuyafanya au kuyakataa. Klasi ndiyo muundo ambao objekti za aina moja hutokana nao: klasi ya Kazi ni moja, lakini kazi zilizo ndani ya programu zinaweza kuwa elfu kumi. Mtindo huu ulianzia Oslo miaka ya 1960, pale Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard walipotengeneza lugha ya Simula ili kompyuta iweze kuigiza mifumo halisi yenye foleni, watu na mashine. Biashara ya huduma ina vyote vitatu.

Maelezo mengi ya dhana hii huishia kwa Mbwa na Paka wanaorithi klasi ya Mnyama, yaani wanaochukua sifa na metodi zake. Msomaji hufunga ukurasa akijua sintaksia, yaani kanuni za kuandika lugha ya programu, lakini hajui kuunda programu ya kweli. Swali linalobeba usanifu wote ni moja: kanuni hii ni wajibu wa nani? Tulijibu kwa biashara ndogo ya viyoyozi mjini Mombasa, yenye mafundi wanne, stoo moja na mtu wa ofisini anayepokea simu.

Kutafuta klasi

Chukua kadi ya kazi ya karatasi inayotumika sasa. Majina yaliyomo ndiyo klasi zako za mwanzo: Mteja, Eneo, Kifaa, Kazi, Ziara, Fundi, Kipuri, Ankara, Malipo. Mwaka 1989 Kent Beck na Ward Cunningham walieleza zoezi ambalo bado linashinda michoro mingi ya kitaalamu. Kila klasi hupewa kadi ndogo: jina juu, wajibu wake upande mmoja, na klasi inazoshirikiana nazo upande wa pili. Kadi ikijaa maandishi, klasi hiyo imebebeshwa mno. Lifanye zoezi hili ukiwa umeketi na mtu wa ofisini, si na waprogramu wenzako peke yao, kwa sababu yeye ndiye anayejua vituko vya kila wiki.

Kosa la kwanza analokuepusha nalo ni kumpa Mteja anwani moja. Mpangaji wa Nyali ndiye anayepiga simu, mwenye nyumba aliye Nairobi ndiye anayelipa, na mlinzi ndiye anayefungua geti. Hoteli ya Diani ina AC arobaini, kila moja na historia yake. Kwa hiyo tenganisha: Mteja ni anayelipa, Eneo ni pale fundi anapokwenda (pamoja na mtu wa kuonana naye na nambari yake), na Kifaa ni AC yenyewe, ikiwa na modeli, nambari ya mashine na tarehe ya kufungwa. Usifanye nambari ya simu kuwa kitambulisho cha mteja. Watu hubadilisha laini, na familia nzima huweza kutumia moja.

Kosa la pili ni kuchukulia kwamba kazi moja ni safari moja. Fundi anakwenda kusafisha AC, anakuta kapasita ya mikrofaradi 35 imevimba, stoo hakuna, anarudi kesho. Kazi ni ile ile, ziara ni mbili. Ukiweka tarehe na jina la fundi ndani ya Kazi badala ya ndani ya Ziara, safari ya pili itafuta kumbukumbu ya kwanza, na mteja akiuliza nani alifungua mashine siku ya kwanza hutakuwa na jibu.

Kazi inayojilinda

Kazi hupita katika hali kadhaa: mpya, imepangwa, inaendelea, inasubiri kipuri, imekamilika, imefutwa. Programu nyingi huihifadhi hali kama neno tu, na kila skrini huruhusiwa kuliandika. Haupiti muda mrefu kabla hifadhidata haijawa na "imeisha", "imekwisha" na "tayari", zote zikimaanisha jambo moja, huku ripoti ya mwezi ikihesabu moja tu kati yake.

Katika muundo wa objekti, sifa ya hali hufichwa. Hakuna anayeigusa kutoka nje. Kazi hutoa metodi: panga(), anza(), subiriKipuri(), kamilisha(), futa(). Tuingie ndani ya kamilisha(). Kabla ya kubadili chochote, inakagua mambo manne: kazi iko katika hali ya kuendelea, hakuna ziara iliyoachwa wazi, kila kipuri kilichotumika kina kiasi na bei, na kama gesi iliongezwa, uzito wake umeandikwa. Likikosekana moja, metodi inakataa na kutaja lililokosekana. Fundi anaona kwenye simu yake "Ziara ya pili haijafungwa", na anajua cha kufanya papo hapo.

Faida yake huonekana programu inapokua. Leo kuna skrini ya ofisini, kesho inaongezwa ya simu, keshokutwa inaongezwa huduma inayofunga kazi zenyewe usiku. Zote zinapita kwenye mlango uleule. Kanuni ingeandikwa ndani ya skrini, ungehitaji kuinakili mara tatu, na nakala moja ingesahauliwa siku kanuni itakapobadilika.

Vipuri na vipimo

Kapasita huhesabiwa kwa idadi, bomba la shaba kwa mita, gesi kwa uzito. Ukihifadhi "3" bila kipimo, siku moja mita tatu za bomba zitatolewa stoo kama bomba tatu. Tengeneza klasi ndogo ya Kiasi yenye nambari na kipimo, inayokataa kujumlisha mita na gramu. Ni klasi fupi sana, na huziba tundu ambalo hupoteza mali ya stoo kimyakimya.

Gesi inahitaji uangalifu zaidi. Fundi hupima mtungi kabla na baada: ukiwa na kilo 9.40 kisha 9.05, zimetumika gramu 350. Programu ipokee vipimo vyote viwili na kufanya hesabu yenyewe, kwa sababu mtu aliyechoka hukisia. Kifaa nacho kibebe aina ya gesi na kiasi kilichoandikwa kwenye kibati cha mashine ya nje. Hapo kazi ya R22, aina moja ya gesi ya kupoozea, inaweza kukataa R410A, ambayo ni aina nyingine. Gesi hizi mbili hazibadilishani: R410A hufanya kazi kwa shinikizo kubwa zaidi na huhitaji mafuta ya sintetiki, wakati mashine za R22 kwa kawaida zina mafuta ya madini. Kuchanganya ni kuiua kompresa.

Tofautisha kukataa na kuonya. Aina ya gesi isiyofaa ikataliwe. Lakini gesi iliyozidi kiasi cha kwenye kibati iletewe onyo tu na nafasi ya kuandika sababu, kwani bomba refu kuliko kawaida huhitaji gesi ya ziada. Programu inayokataa jambo halali hufundisha mafundi kuandika uongo ili iwaachie.

Pesa

Hapa ndipo kosa dogo la usanifu hugeuka kuwa ugomvi na mteja. Tuseme huduma ni KSh 2,500 na kapasita ni KSh 1,500. Jumla ni 4,000, VAT ya asilimia 16 ni 640, mteja anadaiwa 4,640. Alitanguliza 2,000 kwa M-Pesa, kwa hiyo amebakisha 2,640.

Usiweke sifa ya "amelipa" yenye ndiyo au hapana. Weka orodha ya Malipo, kila moja na tarehe, njia na nambari ya muamala, na umwachie Ankara wajibu wa kukokotoa salio. Pesa zihifadhiwe kama nambari kamili za senti. Nambari za desimali za kawaida za kompyuta haziwezi kuhifadhi moja ya kumi kwa usahihi, 0.1 ukijumlisha na 0.2 hutoa 0.30000000000000004.

Lililo zito zaidi ni hili: mstari wa ankara unakili bei na kiwango cha kodi cha siku ile, usivisome upya kutoka kwenye orodha ya bei. Kenya ilishusha VAT hadi asilimia 14 tarehe 1 Aprili 2020, kisha ikairudisha 16 tarehe 1 Januari 2021. Ankara ya mfano wetu katika miezi hiyo ingekuwa 4,560. Programu inayosoma kiwango cha leo ingeifungua baada ya Januari na kuonyesha 4,640, na mteja aliyemaliza kulipa angeonekana anadaiwa shilingi 80. Ankara ikishatolewa haibadilishwi. Ikiwa na kosa, hutolewa noti ya krediti (hati ya kupunguza deni) inayoitaja, na metodi ya kuirekebisha moja kwa moja isiwepo kabisa.

Urithi: pale unapofaa na pale unapoharibu

Kishawishi ni kuunda KaziYaUsafi, KaziYaUkarabati na KaziYaUfungaji, zote zikirithi Kazi. Inapendeza kwenye mchoro. Kisha fundi aliyekwenda kusafisha anakuta koili inavuja, maana hewa ya chumvi ya pwani hula metali hizo haraka, na usafi unageuka ukarabati. Katika lugha nyingi objekti haibadilishi klasi yake ikishaundwa. Itabidi uifute na kuunda nyingine, na ziara, picha na malipo yaliyofungamana nayo yabaki bila mwenyewe. Afadhali Kazi iwe moja, yenye orodha ya mistari ya huduma: usafi mstari mmoja, kuchomea koili mstari mwingine.

Kuna mahali ambapo aina tofauti zina faida halisi: ujira wa mafundi. Mmoja ana mshahara, mwingine ni kibarua wa siku, wa tatu hulipwa kwa kila kazi. Tengeneza aina tatu za MpangoWaUjira, zote zikiwa na metodi moja, hesabu(kipindi). Orodha ya malipo ya mwisho wa mwezi inaita hesabu() kwa kila fundi bila kuuliza ni wa aina gani. Angalia kwamba Fundi hakurithiwa, amepewa mpango. Kibarua akiajiriwa, unambadilishia mpango na historia yake inabaki.

Wajibu usio wa mtu mmoja

Nani azuie fundi kupangiwa kazi mbili kwa wakati mmoja? Ziara inajua muda wake tu. Kwa hiyo wajibu huu upewe klasi ya Ratiba, inayoziona ziara zote. Ziara mbili zinagongana ikiwa ya kwanza inaanza kabla ya pili kuisha, na ya pili inaanza kabla ya kwanza kuisha. Sharti hilo moja linatosha kwa namna zote za kugongana, hata ile ambayo ziara fupi imo ndani ya ndefu, ambayo waprogramu wengi huisahau. Ongeza muda wa njiani kati ya maeneo mawili: kutoka Nyali hadi Diani kwa kivuko cha Likoni si sawa na kuvuka barabara, na foleni ya feri ikipuuzwa, ratiba nzima ya mchana huanguka.

Mwisho ni uhifadhi. Kazi isijue kama inakaa kwenye SQLite (hifadhidata ndogo iliyo ndani ya kifaa chenyewe) au kwenye seva; klasi nyingine ndiyo iichukue na kuirudisha. Hivyo unaweza kujaribu kamilisha() bila skrini wala hifadhidata. Anza na majaribio ya kukataliwa: kazi yenye ziara iliyoachwa wazi, kipuri kisicho na bei, gesi isiyoandikwa uzito. Kila Kazi iwe pia na nambari ya toleo inayopanda inapohifadhiwa. Fundi akiwa amefungua toleo la 7 kwenye simu huku ofisi imeshahifadhi la 8, hifadhi yake ikataliwe na aonyeshwe kilichobadilika, ili maandishi ya ofisi yasifutwe na simu iliyokuwa nje ya mtandao tangu asubuhi.