Kwa nini hekalu la Apollo huko Bassae limewekwa ndani ya hema?

Kutoka mji mdogo wa Andritsaina, magharibi mwa Peloponnese, rasi ya kusini mwa Ugiriki, barabara hupanda milima kama kilomita 14 hadi Bassae. Huko, mita 1,131 juu ya usawa wa bahari, mgeni hulakiwa na hema kubwa jeupe lililokazwa kwa nyaya za chuma. Ndani yake mna hekalu la Apollo, mungu wa Wagiriki wa kale, lililojengwa karne ya 5 KK.

Sababu ni mawe yenyewe. Hekalu hili halikujengwa kwa marumaru kama Parthenon, hekalu mashuhuri la Athens. Nguzo na kuta zake ni mawe ya chokaa ya kijivu yaliyochongwa papo hapo mlimani, na mawe ya chokaa huliwa na mvua polepole. Baya zaidi ni baridi ya milimani. Maji huingia kwenye nyufa, usiku yanaganda, na yakiganda hutanuka na kulipasua jiwe kwa ndani. Hayo hurudiwa kila majira ya baridi. Paa lilishaanguka zamani, kwa hiyo hakuna kilichoyazuia maji kufika mpaka kwenye msingi. Ukijumlisha na matetemeko ya ardhi, ambayo Peloponnese haiyakosi, unapata nguzo zilizoinama.

Mwaka 1986 UNESCO iliandikisha Bassae kuwa urithi wa dunia, eneo la kwanza kabisa la Ugiriki katika orodha hiyo. Mwaka uliofuata hema likasimamishwa, liwe kinga ya muda wakati mafundi wakikarabati. Muda huo umepita miaka 30, kwa kuwa kazi haiharakishwi: nguzo hufunguliwa kipande kwa kipande, msingi ukaimarishwa, kisha kila jiwe likarudishwa mahali pake.

Wapo wanaolalamika kwamba hema limeficha uzuri. Mimi naona hekalu hili linastahili subira hiyo. Pausanias, msafiri wa karne ya 2 BK, aliandika kwamba watu wa Phigalia, mji wa kale uliokuwa jirani, walimjengea Apollo kwa kuwaokoa na tauni, na kwamba fundi wake alikuwa Iktinos, yuleyule wa Parthenon. Limeelekea kaskazini, ilhali mahekalu mengi ya Kigiriki huelekea mashariki. Ndani palisimama nguzo ya mtindo wa Korintho, yaani yenye kichwa kilichopambwa kwa majani, ya zamani kuliko zote zinazojulikana. Kichwa chake kimebaki vipande na michoro tu.

Hata hivyo, mapambo yake makuu hayapo chini ya hema. Mawe 23 yaliyochongwa vita vya hekaya, vya Wagiriki na Waamazoni (wanawake wapiganaji), na vya Walapithi (kabila la Kigiriki) na Wasentauri (viumbe nusu mtu nusu farasi), yalifukuliwa 1811 na 1812, yakauzwa kwa mnada kisiwani Zakynthos, na leo yamo British Museum, London.