Presha imeshuka sio kwamba umepona, ni dawa inafanya kazi

Jamani hii naanza nayo maana kila siku ya kliniki lazima niisikie, "dokta presha yangu imekaa 120/80, nimepona, dawa nimeacha." Hapana! Imekaa 120/80 KWA SABABU unameza dawa. Presha kwa watu wazima wengi haiponi, inadhibitiwa, ukiacha inarudi. Kinachowadanganya ni kwamba hairudi siku hiyohiyo, mfano dawa ya presha inayoitwa amlodipini inatoka mwilini taratibu, kwahiyo unaacha, siku ya tatu unapima bado iko vizuri, unawatangazia hadi majirani, halafu wiki kadhaa mbele iko 180/110 na hujui maana hata kupima ushaacha. Ndo hao tunaletewa mdomo umepinda mkono umelegea, au figo zimechoka wanaanza kusafishwa damu, na ndugu wanasema mbona alikuwa mzima tu.

Na msisubiri kichwa kiume. Wengi hawasikii chochote kabisa. Ukipimwa siku tofauti inakuja 140/90 au zaidi, una presha, hata kama jana umecheza mpira dakika 90.

Eti dawa zinaua figo. Inayoua figo ni presha isiyotibiwa. Kama miguu inavimba, kikohozi kikavu hakiishi au mambo ya chumbani hayaendi, njoo useme tubadilishe, dawa ziko aina nyingi, ila usiache kimyakimya. Wala usiazime za jirani, mfano losartani, nayo ni dawa ya presha, kwa mjamzito inaweza kumuumiza mtoto tumboni.

Chumvi mbichi ndo mbaya, ya kupikia haina shida? Chumvi ni ileile, moto hauiondoi. Mwisho gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, na hapo umeshahesabu ya kwenye mkate, samaki wa chumvi na vile vidonge vya kukolezea supu.

Huko kupinda mdomo na kulegea mkono ni kiharusi, sio kurogwa. Mkimbizeni hospitali saa hiyohiyo, kama ni damu imeganda kwenye ubongo dawa ya kuyeyusha inatolewa ndani ya masaa 4 na nusu tu, nyie masaa hayo mko kwa mganga!

Mashine nunueni ya kufunga mkono wa juu, sio ile ya kuvaa kama saa. Kaa dakika 5 bila kuongea, egemea, miguu chini, ndo upime, uandike kwenye daftari uje nalo kliniki. Huwa nalisoma lote.