Je, wajua kwa nini baiti mbili tu zinatosha kumgeuza Kadabra?

Meli ya Nansio ikishatoka bandari ya Mwanza Kaskazini, una saa tatu na zaidi za kuangalia maji. Jiwe la Bismarck linabaki nyuma, mtandao wa simu unaanza kusuasua, na kila aliyebeba kitu cha kumpotezea muda anakitoa. Likizo ya Desemba nilikuwa na mpwa wangu wa kidato cha kwanza, tunakwenda kwa bibi yake Ukerewe. Tulikaa benchi moja, kila mtu na simu yake, tukicheza gemu ileile: Pokémon FireRed ya mwaka 2004. Angalau ndivyo alivyodhani yeye. Kiumbe wangu aitwaye Kadabra akafika leveli ya 36, muziki ukabadilika, mwili wake ukang'aa, akawa Alakazam.

"Anko, mbona wako amegeuka? Wangu yuko leveli ya 41 na hataki."

Nikamwambia yangu imerekebishwa na mashabiki. Akanyamaza kidogo, kisha akaja na swali gumu zaidi: wameirekebishaje, kwani walioitengeneza hawakuifunga? Pale benchini nilimjibu kwa kifupi, na jibu fupi halikumtosha. Hili hapa refu.

Kwa ambaye hajawahi kuigusa: katika Pokémon unazunguka nchi ya kubuni ukikamata viumbe wa ajabu, unawafunza kwa kuwapambanisha na viumbe wa wengine, na wengi wao wakikomaa hugeuka kuwa na umbo jipya lenye nguvu zaidi. Gemu za kwanza zilitoka Japani tarehe 27 Februari 1996 kwa ajili ya Game Boy, mashine ndogo ya gemu ya mkononi ya kampuni ya Nintendo, zikiwa na viumbe 151. Mwasisi wake, Satoshi Tajiri, alikulia Machida, pembezoni mwa Tokyo, na utotoni alikuwa mkamata wadudu hodari. Alipoona Game Boy mbili zinaunganishwa kwa waya, aliwaza wadudu wakitambaa ndani ya waya ule kutoka mashine moja kwenda nyingine. Sharti linalomkwamisha mpwa wangu lina mizizi katika wazo hilo. Kadabra, Machoke, Graveler na Haunter hawafikii umbo lao la mwisho hata uwafunze mwaka mzima. Lazima umpe mwenzako kupitia waya, kiumbe ageukie kwake, kisha akurudishie.

Ni wazo ninalolipenda sana, kwa sababu linamlazimisha mtoto kutafuta mtoto mwenzake. Lakini lilifikiriwa kwa darasa ambalo kila wa tatu ana Game Boy mfukoni. Kijana wa Igoma anayecheza peke yake kwenye emuleta, yaani programu inayoifanya simu ijifanye Game Boy Advance, hana waya wala pa kuuchomeka. Ndiyo maana karibu kila toleo la mashabiki huanza kwa kuondoa sharti hili.

Sasa tuingie ndani. FireRed ni faili moja la baiti 16,777,216, na baiti ni namba moja kati ya 0 na 255. Picha, muziki, maneno ya wanakijiji, nguvu ya kila pigo, vyote ni namba zilizopangwa mstari baada ya mstari. Mahali fulani katikati yake kuna jedwali la kugeuka. Kila kiumbe ana baiti 40 humo, zimegawanywa nafasi tano za baiti 8, maana wapo kama Eevee wenye njia tano za kugeuka. Kadabra ni kiumbe namba 64, kwa hiyo zidisha 64 kwa 40: nafasi zake zinaanza baiti ya 2,560 kutoka mwanzo wa jedwali. Ukifungua kwa programu ya kuhariri baiti, sita za kwanza zinasomeka hivi:

05 00 00 00 41 00

Hesabu hii inakwenda kwa makumi na sita badala ya makumi. 41 ni nne mara kumi na sita, ongeza moja, yaani 65, na 65 ndiye Alakazam. Ile 05 ya mwanzo inataja njia ya kugeuka: namba 5 ni kubadilishana na mwenzako. Katikati ni mahali pa kiwango, na kwa kuwa kubadilishana hakuna kiwango, pameachwa sifuri. Njia namba 4 ni kupanda leveli. Basi shabiki anaandika:

04 00 24 00 41 00

24 ni mbili mara kumi na sita, ongeza nne: 36. Baiti mbili zimebadilika katika milioni kumi na sita na ushei, na Kadabra hahitaji waya tena. Swali la mpwa wangu kuhusu kufuli linajibika hapohapo. Gemu ikifika kwenye mstari huu inausoma na kuutii. Haina namna ya kujua kama uliandikwa Tokyo mwaka 2004 au umeandikwa jana usiku kwenye simu.

Mabadiliko hayo hayasambazwi kwa kugawa gemu nzima. Yanasambazwa kama kiraka, faili dogo linaloeleza tofauti tu. Aina kongwe ya viraka inaitwa IPS, na muundo wake ni mwepesi mno. Linaanza na herufi tano, PATCH. Kisha inakuja anwani ya baiti 3: nenda mahali fulani. Halafu baiti 2 za idadi: andika baiti kadhaa. Kisha baiti zenyewe, na mwisho herufi tatu, EOF. Kiraka cha Kadabra wetu kinabeba baiti tatu za kuandika, 04 00 24, ile ya kati ikiandikwa upya kama ilivyokuwa. Jumlisha vyote unapata baiti 16. Andika "Mwanza, Tanzania" pamoja na mkato na nafasi yake, umetumia herufi 16. Kiraka kizima ni kirefu kama anwani hiyo.

Udogo huo una hatari yake, na ilinipata. Kiraka cha IPS ni kama mtu aliyeelekezwa nyumba ya tatu kushoto baada ya mwembe. Ukimshusha mtaa mwingine atahesabu nyumba tatu vilevile na kubisha hodi kwa asiyemjua. FireRed ya Kiingereza ina matoleo mawili, la 1.0 na la 1.1, na ndani yake vitu vingi vimesogea kidogo. Kiraka changu kiliandikwa kwa ajili ya 1.0, mimi nikakipachika kwenye 1.1. Skrini nyeupe, basi. Nilipoteza jioni nzima nikiilaumu simu. Viraka vya aina mpya zaidi, UPS na BPS, hubeba namba ya ukaguzi inayopigwa hesabu kutoka kwenye faili zima la asili, na isipolingana programu inakataa kabla ya kuharibu chochote. Tena anwani ya baiti 3 haivuki 16,777,216, ukubwa uleule wa FireRed. Waliotaka kuipanua gemu hadi mara mbili yake, kiwango cha juu ambacho kaseti ya Game Boy Advance huwa inasomwa moja kwa moja, ilibidi waachane na IPS.

Rekebisho ninalolipenda kuliko yote linamhusu Hitmonchan. Huyu ni bondia, glavu mikononi, kazi yake ngumi. Nguvu yake ya mwili ni 105, ile nyingine ya mashambulizi maalumu ni 35, duni kabisa. Katika FireRed, pigo linahesabiwa kwa nguvu ipi inategemea aina yake: kila pigo la moto, barafu au umeme linatumia nguvu maalumu. Hivyo bondia akirusha ngumi ya moto, gemu inakwenda kuchukua ile 35. Ngumi! Gemu rasmi zilirekebisha jambo hili mwaka 2006, Diamond na Pearl zilipotoka Japani, ambapo kila pigo lilipewa alama yake lenyewe ya kuwa la mwili au maalumu. Mashabiki hawakutaka kuiacha FireRed nyuma. Walipochungulia jedwali la mapigo waliona kila pigo limetengewa baiti 12, ila zinazotumika ni 9. Wakachukua mojawapo ya zile tatu zilizolala bure, wakaandika humo alama ya pigo, kisha wakaielekeza programu ikasome hapo. Ukimtumia Hitmonchan wa toleo kama hilo dhidi ya kiumbe wa majani, unaelewa mara moja alivyoonewa miaka yote.

Lakini namba moja ikikosewa, gemu nzima inaegemea upande. Hilo liliwapata hata watengenezaji wenyewe. Katika gemu za mwaka 1996 kuna jedwali la nani anamweza nani: aina inayoshambulia, aina inayoshambuliwa, na kizidisho. Kwa hesabu ya kawaida ya makumi, 20 ni mara mbili, 05 ni nusu, 00 ni kutodhuru kabisa. Mmoja wa wapiganaji ndani ya gemu anakwambia kwamba viumbe wa nguvu za akili wanaogopa mizimu na wadudu. Ila kwenye jedwali, mzimu dhidi ya akili paliandikwa 00. Viumbe wa akili wakabaki karibu bila wa kuwatisha, Alakazam akiwa miongoni mwa vinara, mpaka gemu za mwaka 1999 ziliporekebisha.

Sisi wa Ziwa Viktoria tunalijua jambo hili kwa samaki. Sangara aliletwa ziwani miaka ya 1950, akakaa kimya muda, na kufikia miaka ya 1980 ametapakaa kila mahali. Furu walikuwa zaidi ya aina 500; mamia wakatoweka au wakawa adimu. Dagaa alistahimili. Viwanda vya minofu vikaja Mwanza, mapanki, yaani mifupa inayobaki, yakawa kitoweo. Kiumbe mmoja aliongezwa, na hakuna kilichobaki kama kilivyokuwa. Niliwahi kucheza toleo moja ambalo mtengenezaji wake alikuwa ameweka kiumbe mkali sana kwenye majani ya kijiji cha kwanza kabisa. Kufikia beji ya tatu, yaani bingwa wa tatu kumshinda, sikuwa na sababu ya kumtoa mwingine yeyote, na viumbe mia kadhaa waliochorwa kwa uangalifu wakawa kama hawapo. Matoleo mazuri hutengenezwa na watu wanaoliogopa kosa hilo. Wakimwongezea kiumbe nguvu, wanarudi kuwapa na wapinzani viumbe zaidi na akili zaidi, kisha wanacheza upya kutoka mwanzo kuona nani amebaki furu.

Si kila kitu kinatatuliwa kwenye jedwali. Mpwa wangu ana Golbat, popo anayegeuka akishampenda mwenye kumfuga. Katika FireRed ya asili, Golbat huyo hageuki mpaka uwashinde wale wapiganaji wanne wakuu na uwe umekamata angalau aina 60, kwa sababu Crobat ni namba 169 na programu inakataza kugeuka kuvuka 151 kabla ya hapo. Katazo hilo halimo kwenye mstari wa Golbat. Limo ndani ya programu yenyewe, na kuliondoa kunadai mtu anayesoma lugha ya mashine. Zamani wenye ujuzi huo walikuwa wachache. Siku hizi kuna kundi la wapenzi linalojiita pret, ambalo limeandika upya programu za gemu hizi, Emerald ikiwa mojawapo, katika lugha ya C inayosomeka, kwa uangalifu kiasi kwamba ukiigeuza tena kuwa lugha ya mashine unapata faili lilelile la asili, baiti kwa baiti. Ni miaka ya kazi ya bure, na naiheshimu mno.

Upande wa sheria, gemu ni mali ya wenyewe. Anayetoa kiraka anategemea kwamba una kaseti yako na nakala yake, na hata hivyo wenye mali hawajambariki. Mwezi Desemba 2016, toleo la mashabiki liitwalo Prism, lililotengenezwa kwa takriban miaka minane lilisimamishwa na barua ya mawakili wa Nintendo siku chache kabla ya kutoka.

Usiku ule Nansio, baada ya ugali na sato, tulikaa kibarazani tukaifungua gemu ya mpwa wangu. Nilimwachia aandike mwenyewe 04, kisha 24. Aliogopa kupoteza safari yake, lakini kumbukumbu ya mchezo hukaa kwenye faili lake, tofauti na la gemu, kwa hiyo Kadabra wake alikuwa palepale, leveli ya 41. Sharti jipya linasema 36 au zaidi, ila gemu hulikagua jedwali pale tu kiumbe anapopanda leveli. Akapigana mara nne, mara tano. Leveli ya 42, muziki ukabadilika, na bibi akatoka kuuliza tunapigia nini kelele.

Nikamuuliza kama tumalizie na mstari wa Haunter. Alikataa. Shuleni kuna rafiki yake mwenye Graveler aliyekwama, na zipo emuleta zinazouiga ule waya kwa Bluetooth kati ya simu mbili. Wamepanga kujaribu shule zikifunguliwa.