124 za Lagos: Msimu wa Safari wa 1978

Vijana wanaojiandaa kuingia gofu ya kulipwa wakija kwangu, kabla hatujagusa fimbo huwa naandika namba moja ubaoni: 124. Ndiyo mikwaju aliyopiga mchezaji wa gofu Sandy Lyle katika raundi mbili za kwanza za Nigerian Open mwaka 1978. Mashimo 36, wastani wa mikwaju 62 kwa raundi, na katika gofu mwenye mikwaju michache ndiye bora. Wananyamaza kidogo, halafu wanauliza ni uwanja gani. Nikiwajibu Lagos, tena kwenye brauni, yaani eneo la shimo lililotengenezwa kwa mchanga badala ya nyasi, hakosi mmoja wa kupunguza thamani: "Lakini mwalimu, brauni si bapa kama meza?"

Nami hapo ndipo ninapoanzia.

Mzunguko wa Safari ulikuwa msururu mfupi wa mashindano katika nchi za Afrika kama Nigeria, Kenya na Zambia, ukichezwa miezi ya mwanzo wa mwaka, Ulaya ikiwa bado kwenye baridi na viwanja vyake vimelowa. (Usiuchanganye na Safari Tour iliyochezwa Kenya miaka ya karibuni.) Wachezaji wa Uingereza na majirani zao walikuja kutafuta jua, pesa na makali ya mchezo kabla msimu wa kwao haujafunguliwa. Ndiyo maana wengi huuzungumzia kama mazoezi tu. Mimi sikubaliani nao, na ushahidi wangu ni mwaka huo wa 1978.

Kwa asiyewahi kuiona, brauni ni mduara mdogo wa mchanga uliochanganywa na mafuta, mara nyingi oili chafu ya injini, ukashindiliwa. Mafuta yanaufanya mchanga uwe mzito, upepo usiupeperushe na mvua isiuzoe kirahisi. Klabu zilizochagua brauni zilikuwa na sababu ya msingi: grini, yaani eneo la shimo lenye nyasi fupi, inataka maji kila siku, mashine za kukata na dawa za ukungu, na kwenye joto lenye unyevu gharama hiyo haina mwisho.

Nilianzia gofu kwenye brauni, kwenye klabu ndogo ya mashimo tisa huko bara, nikiwa kedi, msaidizi wa mchezaji. Kazi yangu ya kwanza haikuwa kubeba begi, ilikuwa gunia. Wachezaji wanne wakishapita, brauni inakuwa na nyayo kama zizi la mbuzi. Mchezaji wako anasimama nyuma ya mpira, nawe unalivuta gunia lililofungwa kwenye ubao, kutoka shimoni hadi kwenye mpira wake, taratibu, bila kusimama katikati. Ukisimama, gunia linaacha kituta chembamba kama uzi, na mpira ukikifikia unayumba. Ukilikandamiza, mchanga unabana na mpira unapitiliza. Ukililegeza, mpira unakwama nusu ya njia. Nilikaripiwa wiki mbili nzima kabla mkono haujazoea.

Kwa hiyo yule kijana ana nusu ya ukweli. Njia ikishalainishwa, mpira unakwenda karibu moja kwa moja, hakuna mteremko wa kuumizia kichwa. Taabu ni kasi, maana kila njia iliyovutwa ina kasi yake. Taabu kubwa zaidi ni kufika hapo. Mpira ukitua katikati ya mchanga unadidimia na kufa palepale. Ukitua kwenye udongo mkavu unaozunguka brauni, unadunda na kwenda nyuma kabisa. Mlengwa wako ni mdogo, na kosa la hatua mbili linageuka kuwa kosa la hatua kumi na tano. Mtu hapati 124 kwa kubahatisha kutoka mbali. Anapata kwa sababu fimbo zake za chuma zinauweka mpira karibu na bendera, shimo baada ya shimo. Na wapinzani wake wote walicheza kwenye mchanga uleule.

Lyle alikuwa ndiyo kwanza ameingia kwenye gofu ya kulipwa. Alikulia Hawkstone Park, Uingereza, ambako baba yake alikuwa mwalimu wa gofu, na mwaka 1977 ndiye aliyeongoza mtihani wa kuingia Mzunguko wa Ulaya. Lagos alishinda, na ushindi huo ulikuwa wake wa kwanza wa kulipwa.

Mwaka huohuo, Kenya Open ilichukuliwa na Mhispania Seve Ballesteros. Jina lake halikuwa geni: alikwisha kuwa wa pili kwenye Open ya Uingereza ya 1976 na kinara wa Mzunguko wa Ulaya mara mbili mfululizo. Lakini tazama tarehe zao za kuzaliwa: Seve tarehe 9 Aprili 1957, Lyle tarehe 9 Februari 1958. Wamepishana miezi kumi kamili. Kuanzia 1976 hadi 1980, hakuna mwingine aliyemaliza msimu wa Ulaya akiwa kinara isipokuwa wawili hawa.

Nairobi ilimpa Seve mtihani mwingine kabisa. Lagos iko usawa wa bahari. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu, hewa ni nyepesi na mpira unasafiri mbali kuliko ulivyozoea. Fimbo yako uliyoizoea kwa umbali fulani inakusaliti hadi uhesabu upya zote. Halafu kuna nyasi zetu za kikuyu. Kwenye njia iliyokatwa zinaubeba mpira kama mtu ameuinulia. Ukitoka nje ya njia zinaikamata shingo ya fimbo na kuupindisha uso wake, na mpira unakwenda usikotaka. Seve alijifunza gofu kwenye ufuo wa Pedreña, Hispania, akiwa na fimbo moja tu ya chuma, namba 3, akiipigia mchangani kila aina ya mkwaju. Mtu wa namna hiyo kikuyu hazimtishi. Mwanzoni mwa Aprili alishinda Greensboro, Marekani, kisha Ulaya, na baadaye Japan Open. Mabara manne kwa mwaka mmoja, na mojawapo ni letu.

Mwaka 1988 pale Augusta, Marekani, Lyle alisimama kwenye mtego wa mchanga wa shimo la 18 akihitaji mikwaju miwili zaidi ili ashinde Masters, mojawapo ya mashindano makubwa ya gofu duniani. Alitumia fimbo namba 7, mpira ukapanda juu, ukatua grini na kurudi chini kuelekea bendera. Akauzamisha. Video ya mkwaju ule huwa nawaonyesha wanafunzi baada ya 124, kisha tunatoka nje, kila mmoja na gunia lake.