Hatimiliki Si Kibali: Pima Kabla ya Kuchimba Choo

Mvua zimeanza, na malalamiko yanayoletwa ofisi yetu ya mipango ya manispaa ni yaleyale: jirani kachimba choo, maji ya kisima yananuka. Wengi wanataka tuwapatanishe. Upatanishi mpelekeeni mwenyekiti wa LC1, yaani wa baraza la kijiji, kama tunavyoliita hapa Uganda. Sisi swali letu ni moja: kibali kiko wapi?

Hapo mtu hutoa hatimiliki, au karatasi ya kuuziana kibanja, akaitandaza mezani. Ndugu mwananchi, hiyo inaonyesha ardhi ni ya nani. Haisemi ujenge nini wala wapi. Tumelieleza redioni, kanisani na msikitini, na bado.

Juzi tulipima ploti moja yenye vyumba sita vya kupangisha. Choo kiko nyuma, kisima kwa jirani, upande wa chini wa mteremko. Futi kamba ilisoma mita 11. Wataalamu wa afya wanataka angalau mita 30, na kitako cha shimo kiwe mita 1.5 juu ya maji ya ardhini. Shimo lile lilijaa maji kabla halijatumika hata siku moja, na mwenye nyumba akafurahi kwamba litajisafisha lenyewe. Lijisafishe kwenda wapi? Wapangaji wake wanachota kisimani hapo hapo.

Wengine husema, "Mimi niko kijijini." Sheria ya mipango ya ardhi ya 2010 iliifanya Uganda nzima kuwa eneo la mipango, shamba na mji. Maduka matatu kando ya barabara leo, kesho ni mji, na nyumba zikishabanana hakuna pa kupitisha mtaro wala gari la kunyonya choo. Bwaise, Kampala, vyoo vimepandishwa juu ya ngazi kwa sababu chini ni maji matupu. Mvua ikizidi, uchafu huingia vyumbani, na kipindupindu hakiko mbali.

Kuhusu ardhi oevu, ibara ya 237 ya Katiba inasema serikali inaishikilia kwa niaba ya wananchi wote. Mafunjo ya Nakivubo huchuja maji machafu ya Kampala kabla hayajaingia kwenye ghuba ya Ziwa Victoria, na kwenye ghuba hiyohiyo, pale Ggaba, mji huchota maji ya kunywa. Mwenye lori la kifusi anayekwenda kuyafukia alifikirie hilo.

Utaratibu ni huu. Kwanza unaomba ruhusa ya kuendeleza ardhi kwa kamati ya mipango ya eneo lako, ukiambatisha ushahidi wa umiliki na mchoro unaoonyesha nyumba, choo, kisima na mipaka. Afisa huja kukagua. Ukishapata ruhusa hiyo, na si kabla, unaomba kibali cha ujenzi chini ya sheria ya udhibiti wa majengo ya 2013. Jengo likikamilika unaomba kibali cha kuhamia. Bila hicho usiweke mpangaji. Ukikiuka, unapewa notisi ya maandishi: simamisha, rekebisha au bomoa. Ukiipuuza, halmashauri inaweza kubomoa na kukudai gharama. Kesi zilizoko mahakamani hatuzizungumzii hapa.

Ada hulipwa benki, si mkononi mwa afisa. Na yule kijana anayechora ramani chini ya mwembe nje ya lango letu si mfanyakazi wetu.