Kinga nusu: vimelea vipo, homa haipo

Mtoto wa Urambo, mkoani Tabora, huugua malaria mara nyingi kabla hajafikisha umri wa kwenda shule. Akiwa mtu mzima, ukimtoboa kidole huenda ukakuta vimelea kwenye damu, naye anapalilia tumbaku yake bila homa wala kuumwa kichwa. Hiyo ndiyo kinga nusu: mwili umejua kuvidhibiti vimelea, haujajua kuvimaliza. Wapo wanaoiita kinga pungufu. Silipendi jina hilo. Liko karibu mno na upungufu wa kinga, na huo ni ugonjwa mwingine kabisa.

Mwanafunzi wa udaktari hujifunza kumbukumbu ya kinga kwa mfano wa surua. Mwaka 1846 daktari Peter Panum wa Denmark aliikuta surua imeingia visiwa vya Faroe, ambako ilionekana mara ya mwisho mwaka 1781. Wazee walioiugua utotoni, miaka 65 nyuma, haikumpata hata mmoja wao. Surua ina sura moja. Mwili ukishaikariri, basi.

Kimelea cha malaria kina kabati la nguo. Plasmodiamu falsiparamu, ndilo jina la kimelea hicho, ana jeni zipatazo 60 za protini anayoichomoza juu ya chembe nyekundu ya damu. Huvaa moja, kingamwili, yaani protini za mwili za kupambana na vimelea, zikiishaizoea, hubadilisha. Mwili hukariri vazi moja moja, kwa miaka.

Na usipokumbushwa, husahau. Kijana wa Tabora akikaa Njombe, kwenye baridi na malaria haba, miaka kadhaa, akija likizo wakati wa mvua anaweza kulazwa kama mgeni. Shangazi atasema baridi ya huko imemdekeza, na hajakosea sana. Mimba ya kwanza nayo ina yake: vimelea hujificha kwenye kondo la nyuma wakiwa na vazi ambalo mwili wa mama haujawahi kuliona. Mimba zinazofuata huwa afadhali.

Wanafunzi hukwama wodini. Kipimo cha haraka cha malaria kimetoa mistari miwili, yaani vimelea vipo, basi mgonjwa anaandikiwa dawa mseto na faili linafungwa. Mseto apewe, hilo halina mjadala. Lakini kwa mtu mzima aliyekulia huku, vimelea huenda vilikuwamo tangu mwezi uliopita, na homa ya leo ni ya nimonia. Mwalimu wetu mmoja, akionyeshwa mistari miwili, alikuwa akiuliza kwanza: “Mapafu umeyasikiliza?”